Bolero, barabara na mkazo wa sauti

Waingereza wanalo neno walilolitwaa kwa Wahispania, nalo ni bolero. Neno hili lina maana mbili. Ya kwanza ni ngoma iliyochezwa Hispania tangu mwishoni mwa karne ya 18. Ya pili ni kikoti kifupi, kilicho wazi kifuani, kisichopita kiuno. Ukikiona utakikumbuka kizibao, ila kizibao hakina mikono na huvaliwa juu ya kanzu.

Kikoti na jina vyote vimetufikia. Kikoti tunakiona harusini, kikitiwa juu ya gauni lisilo mikono ili kusitiri mabega. Jina nalo lilivuka bahari hadi Cuba, likapewa wimbo wa mapenzi wa mwendo wa taratibu usio na asili katika ngoma ile, kisha likaingia Kongo kwa santuri. Katika miaka ya 1950 bendi za Léopoldville, kama African Jazz ya Joseph Kabasele, zilitoa santuri zilizobandikwa jina hilo la bolero.

Lakini linalotupasa kulitazama leo si ngoma wala kikoti, bali ni matamshi. Mwingereza akikusudia ngoma, hukaza sauti katikati: bo-LE-ro. Akikusudia kikoti, mara nyingi hukaza mwanzo: BO-le-ro. Herufi ni zile zile, na sauti ndiyo inayotenga nguo na mchezo. Mhispania mwenyewe hana tofauti hiyo. Yeye hukaza katikati kwa yote mawili.

Msomaji atauliza, haya yatuhusu nini? Na apande basi Mombasa aende Kibwezi, atapata jibu njiani. Njia anayopita ni bara-BA-ra. Dereva akimfikisha salama, atasema ameendesha ba-RA-bara. Vivyo hivyo, wa-LA-kini ni sawa na kusema 'lakini', na wala-KI-ni ni kasoro. Kwa kawaida Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno haya mawili yakavunja kawaida hiyo kwa sababu yalikuja na sauti ya kwao. Walakini la kwanza limetoka Kiarabu, ambako 'laa' huvutwa. Barabara lenye maana ya sawasawa lina asili ya Kiajemi, nalo huvutwa pale pale tunapolikaza sisi.

Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, ni mji wa Wakamba uliozaliwa na njia. Reli ya zamani ilipita hapo mwishoni mwa karne ya 19, barabara kuu ya Nairobi inapita hapo, na barabara ya Mutomo na Kitui huchepuka hapo. Tangu mwaka 2017 treni mpya nayo ina kituo. Kwa hiyo Kiswahili kimefika kwa vinywa vya wasafiri. Lakini mtoto wa kijijini, mbali na stesheni, hukipata zaidi kitabuni. Akikuta imeandikwa 'fanya kazi yako barabara', kitabu hakimwambii akaze wapi. Atasoma kama anavyosoma jina la njia, na mtu wa Pwani akimsikia atacheka.

Kicheko hicho si cha haki. Mkamba si mgeni wa jambo hili. Lugha yake ya Kikamba hutenga maana kwa kupandisha na kushusha sauti, wala maandishi yake ya kawaida hayaonyeshi kupanda na kushuka huko. Yeye anajua vyema kwamba herufi hazibebi kila kitu. Alichokosa ni mtu wa kumsomea.

Nasi tukumbuke tulikotoka. Wazee wetu walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mara nyingi walitia alifu, wau au yee katika silabi yenye mkazo. Msomaji aliuona mkazo kwa macho. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika hapa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na vitabu vya shule vikaenea kwa herufi za Kirumi. Herufi hizo zina faida nyingi, kwani zinatenga wazi e na i, o na u, jambo ambalo maandishi ya zamani yalilibana. Lakini mkazo ukaachwa bila alama. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha mapendekezo ya kuendeleza mwandiko wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Yaani jambo hili lilikuwa halijafungwa.

Hatusemi turudi nyuma. Maneno yenye mkazo usio wa kawaida si mengi, na mwalimu anaweza kuyafundisha kwa muda mfupi akiyasoma kwa sauti, darasa likafuatisha. Mtungaji wa kitabu cha shule naye anaweza kuyatilia alama, kama kamusi za Kiingereza zinavyofanya kwa bolero.

Na sisi wa Pwani tusijione tumesalimika. Siku hizi mtoto wa Mji wa Kale naye hukutana na maneno mengi kwenye karatasi na simu kabla hajayasikia kwa bibi yake. Tukinyamaza, tofauti ya barabara mbili itapotea hata hapa, na hapo hatutakuwa na wa kumcheka. Anayekosea asahihishwe papo hapo, kwa upole, naye ataitamka barabara.