Dhamana ya Gharama za Rufaa: Rehani Baina ya Ndugu

Tupige mfano wa nyumba ya urithi mjini Tanga. Marehemu ameacha binti aliyebaki hapo na mtoto wa kiume anayeishi Muscat, Oman. Wamegombana, shauri la madai likafunguliwa katika Mahakama ya Wilaya, na hukumu ikampa haki dada. Kaka hakuridhika, akakata rufaa Mahakama Kuu. Dada, ambaye ameshauza bangili zake kumlipa wakili, anajiuliza: nikishinda tena, gharama zangu nitazidai kwa nani, ilhali ndugu yangu yuko ng'ambo ya bahari?

Jibu lake ni dhamana ya gharama za rufaa. Hii huwekwa na mkata rufaa, ili akishindwa, mwenzake asiondoke mikono mitupu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, katika Amri ya 39, kanuni ya 10, inaipa mahakama inayosikiliza rufaa hiari ya kuidai. Lakini mkata rufaa akiwa anaishi nje ya Tanzania, naye hana nchini mali isiyohamishika ya kutosha, hiari hiyo hugeuka wajibu. Nyumba inayogombaniwa haihesabiwi. Kwa hiyo kaka hawezi kusema, "Nyumba ya baba ndiyo dhamana yangu." Asipoiweka ndani ya muda aliopewa, rufaa yake hukataliwa.

Shauri likipanda hadi Mahakama ya Rufani, hakuna haja ya kungoja kudaiwa. Kwa Kanuni za Mahakama hiyo za mwaka 2009, taarifa ya kusudio la kukata rufaa hupelekwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi kutolewa. Kisha, ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo kupelekwa, huwasilishwa sababu za rufaa, kumbukumbu za shauri na dhamana ya gharama.

Hapa tunapenda kuwatahadharisha wasomaji wetu. Wapo wanaodhani kwamba kukata rufaa na kuweka dhamana hii kunazuia hukumu isitekelezwe. Sivyo. Dhamana ya gharama humlinda mjibu rufaa kwa gharama za kesi tu. Anayetaka utekelezaji usimamishwe hana budi kupeleka ombi lake mbali, tena huenda akatakiwa kutoa dhamana nyingine juu ya kile alichoamriwa kulipa au kukabidhi. Asiyelijua hili huenda akashtukia dalali wa mahakama yuko mlangoni, naye rufaa yake ingali inasubiri kusikilizwa.

Je, fukara afanyeje? Mlango haukufungwa. Kanuni za Mahakama ya Rufani zinamruhusu asiye na uwezo kuomba asamehewe ada au dhamana, mradi mahakama iridhike kwamba rufaa yake ina matumaini ya kufaulu. Ipo pia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo kwayo mtu asiye na uwezo anaweza kupata msaada bila malipo. Aombe mapema, kwa kuwa siku zinahesabiwa.

Waislamu hatuna haja ya kuiona dhamana hii kuwa jambo geni. Qur'ani katika Suratul Baqara imetaja rehani, na Mtume, rehema na amani zimshukie, aliweka deraya yake rehani kwa Myahudi ili apate shayiri. Kuweka rehani si kudhalilishwa. Ni kukiri kwamba mwenzako naye ana haki yake.

Basi kabla ya kukata rufaa juu ya mali ya urithi, familia na ikae kitako na kujiuliza: rufaa hii ina hoja, au ni hasira tu? Gharama zitatoka wapi? Suluhu imeshindikana kweli? Ikiwa haki imepotea, rufaa ni njia halali, na dhamana iwekwe kwa moyo mkunjufu. Ikiwa ni hasira tu, fedha hiyo ingefaa zaidi kuwa nauli ya kaka kutoka Muscat, aje akae na dada yake wazungumze.