Tunda kama Kigezo cha Uainishaji wa Mimea ya Jamii ya Karoti

Makala haya yanachunguza kigezo kilichotawala uainishaji wa mimea ya jamii ya karoti kwa zaidi ya karne tatu, yaani umbo la tunda, na sababu zilizowafanya wanabotania wakitilie shaka.

Jamii hii, Apiaceae, ina spishi zisizopungua 3,500, miongoni mwazo giligilani, shamari na bizari nyembamba. (Msomaji wa Kiswahili atahadhari: neno bizari hutumika pia kwa manjano, mmea wa jamii ya tangawizi. Hapo lugha imeainisha kwa jiko, si kwa nasaba.) Maua yake, yaliyopangika kama mwavuli, hufanana mno. Ndiyo maana Robert Morison wa Oxford, katika kitabu chake cha mwaka 1672, aliigawa mimea hii kwa kutazama matunda, yaani vile vipande vikavu ambavyo dukani huitwa mbegu. Mjerumani Oscar Drude alifuata njia hiyo mwishoni mwa karne ya 19, akapata nusujamii tatu.

Mfumo wa Drude ulitikisika katika miaka ya 1990, vinasaba vilipolinganishwa. Nusujamii ya Hydrocotyloideae haikuwa nasaba moja. Jenasi ya Hydrocotyle, iliyoipa jina, ilibainika kuwa ya jamii jirani ya Araliaceae.

Mfano wenye uzito zaidi ni karoti yenyewe. Tunda la karoti mwitu, Daucus carota, lina miiba inayonasa katika manyoya ya wanyama. Visiwani Madeira na Cape Verde imo mimea, mingine yenye mashina magumu kama ya vichaka, ambayo matunda ya baadhi yake yana mabawa badala ya miiba. Kwa hiyo iliwekwa katika jenasi za mbali: Melanoselinum, Monizia, Tornabenea. Vinasaba vimeonyesha kwamba imo ndani ya ukoo wa Daucus. Tunda, kumbe, hubadilika upesi kufuatana na kinacholisambaza, awe mnyama au uwe upepo. Mfanano wake si lazima uwe ushahidi wa udugu.

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Banasiak waliipanua Daucus ili iwapokee jamaa hao, pamoja na Agrocharis ya milima ya Afrika. Hivyo Agrocharis incognita, mmea wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, sasa ni Daucus incognitus. Uamuzi huu una gharama, kwani jenasi haitambuliki tena porini kwa sifa moja ya macho. Hata hivyo, kwa maoni yetu ulikuwa wa lazima: mzalishaji wa mbegu anayetafuta ukinzani wa magonjwa huanzia kwa jamaa wa karibu wa zao lake, na jina lisiloonyesha udugu humpoteza. Kwa kuwa vitabu vya flora vilivyochapwa kabla ya mwaka huo hutumia jina la Agrocharis, mtafiti hana budi kuutafuta mmea huo chini ya majina yote mawili.