Vidonge vya Lehemu na Miguu ya Wazee

Mama mmoja jirani yangu kaniuliza: "Mwanangu, hivi vidonge vya lehemu ndivyo vinavyonifanya nishindwe kupanda ngazi?"

Swali la haki. Statini huzuia ini lisitengeneze lehemu nyingi, na wapo wachache ambao kweli huwaumiza misuli. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2020 huko London uliwapa watu 60, walioziacha kwa sababu ya maudhi, statini miezi kadhaa na vidonge bandia miezi mingine, bila wao kujua kipi ni kipi. Maudhi ya vidonge bandia yalifikia asilimia 90 ya yale ya statini!

Basi msikilizaji, mzee asivitupe kimyakimya, kiharusi hakibishi hodi. Amwone daktari, apunguziwe au abadilishiwe. Ila misuli ikiuma sana na mkojo ukawa kama chai ya rangi, hospitali siku hiyohiyo.