Arusha kwa Kimo cha Mtoto

Katika Kiswahili cha Arusha neno hifadhi limekwisha kubanwa na biashara ya utalii: likitajwa, msikilizaji huwaza twiga, geti, magari yenye paa linalofunguka na makao makuu ya Shirika la Hifadhi za Taifa, yaani TANAPA, yaliyomo katika jiji hilohilo. Bustani ni neno jingine, lenye maana ya ardhi iliyopandwa na kutunzwa ama kwa mboga ama kwa mapumziko, na aghalabu huwa mali ya mtu, ya hoteli au ya taasisi. Kati ya hayo mawili lipo neno la tatu linalotumiwa na wataalamu wa mipango miji, eneo la wazi, ambalo ni ardhi iliyotengwa katika ramani ya makazi isijengwe, ili wakazi wote waitumie bila kumwomba mtu ruhusa. Mzazi wa kata ya Elerai anayetaka kumtembeza mtoto wa miaka mitatu hujikuta katikati ya maneno hayo matatu, kwa kuwa hifadhi iko mbali, bustani ina mwenyewe, na eneo la wazi si kila mtaa unaoweza kulionyesha kwa kidole.

Hata hivyo ugumu huo hupungua iwapo mahali patapimwa kwa kimo cha mtoto wala si kwa kimo cha mtalii. Katika mwongozo wake wa mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 4 apate angalau dakika 180 za kuuchezesha mwili kila siku, na kwamba kuanzia miaka 2 hadi 4 muda wake wa kukaa mbele ya televisheni au simu usizidi saa 1. Dakika hizo si mazoezi ya mwanariadha, bali ni jumla ya kuchuchumaa, kupanda ukingo wa mtaro, kuruka dimbwi, kurudi nyuma kuokota kijiti kilichoachwa na kukimbia bila sababu. Tanzania nayo ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayofupishwa kuwa PJT-MMMAM na kumhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8, ambayo huuhesabu uchangamshi, maana yake kumpa mtoto vitu vya kuona, kugusa na kuzungumzia, kuwa sehemu ya malezi sawa na chakula na chanjo. Mtu mzima hutembea ili afike; mtoto mdogo hutembea palepale alipo, na mita 100 za njia yenye miti zinaweza kummalizia asubuhi nzima.

Kata ya Elerai iko upande wa magharibi wa jiji, na jina lake lenyewe linanukia miti, kwani olerai kwa Kimaasai ni mgunga ule wenye gome la rangi ya manjano unaopenda ardhi yenye maji. Majina ya jirani nayo husimulia habari ya namna hiyohiyo: Ngarenaro hutokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji meusi. Mtoto aliyeanza kuuliza kila kitu kinaitwaje anaweza kufundishwa mtaa wake kwa majina hayo kabla ya kujua kusoma, jambo ambalo shule haitamfanyia mapema, na pengine haitamfanyia kabisa.

Mti unaomfaa zaidi mtoto wa Arusha, pamoja na kwamba asili yake ni Amerika Kusini, ni mjakaranda. Unapochanua, hasa Oktoba na Novemba, barabara kadhaa za jiji hufunikwa na maua ya zambarau, lakini hazina yake kwa mtoto si ua, ambalo hunyauka kiganjani. Ni tunda lake. Tunda hilo ni bapa, la mviringo, gumu kama ubao, na likikauka hupasuka ukingoni likaachama mfano wa kinywa cha kobe. Ndani yake mna mbegu nyingi nyembamba, kila moja ikiwa imezungukwa na utando unaopitisha mwanga, mwepesi kiasi kwamba mtoto akipuliza mbegu hupaa badala ya kuanguka. Kuhusu upepo, kuhusu mbegu na kuhusu sababu ya mti kuota mbali na mama yake, hakuna kitabu cha picha kinachofikia maelezo ya tunda hilo moja, nalo huokotwa bure. Msafara wa siafu unaokatisha njia hutoa somo jingine, ila hilo husomwa kwa hatua mbili nyuma.

Katikati ya jiji pako mahali pachache panapostahili nauli ya daladala. Boma la Wajerumani, ngome iliyojengwa mwaka 1900 kwa ajili ya kuwatawala Waarusha na Wameru, limekuwa tangu 1987 Makumbusho ya Elimu Viumbe, na ndani yake mna maonyesho kuhusu wadudu, wanyama na asili ya binadamu. Mtoto mdogo hatavumilia maandishi ya ukutani, wala hapaswi kulazimishwa. Atavutwa zaidi na nyasi za uani na kuta nene ambazo sauti yake hugonga na kurudi. Nyuma ya boma hupita Mto Themi, mmoja kati ya mito inayoshuka kutoka Mlima Meru na kulikata jiji vipandevipande. Upande wa Kaloleni kuna Mnara wa Mwenge na Makumbusho ya Azimio la Arusha, ukumbusho wa siasa ya Ujamaa na Kujitegemea iliyotangazwa Februari 5, 1967. Kwa mtoto, mnara ni kitu cha kuzungukwa mbio, na azimio litasubiri.

Anayeweza kwenda mbali zaidi ana Ziwa Duluti, karibu na Tengeru, kando ya barabara iendayo Moshi. Hili ni ziwa la kasoko, maana yake maji yaliyojikusanya ndani ya shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano, nalo limezungukwa na msitu wa hifadhi wenye njia ya miguu. Kivuli chake ni kizito hata saa saba mchana, ndege ni wengi, na kenge huonekana wakiota jua kwenye magogo. Njia ya kulizunguka ziwa ni fupi kwa mtu mzima lakini ni ndefu kwa miguu ya miaka mitatu, hivyo mlezi mwenye busara hubeba kanga ya kumfungia mtoto mgongoni wakati wa kurudi, wala haoni haya kugeuza njiani. Kingo za kasoko ni za mteremko na maji yake ni ya kina kirefu. Hapo mkono wa mtoto hauachiwi.

Hifadhi ya Taifa Arusha ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kasoko ya Ngurdoto, na baadaye ikapanuliwa ikachukua maziwa ya Momella na Mlima Meru wenyewe. Kwa mtoto mdogo wa umri huo ina sifa moja kubwa: ni ndogo kuliko hifadhi nyingi maarufu za nchi, hivyo twiga na nyati waweza kuonekana kabla mtoto hajachoka na gari. Mbega, yaani kima mwenye manyoya marefu meusi na meupe asiye na kidole gumba kinachofaa, hurukaruka juu ya miti ya Ngurdoto, nao heroe, ndege warefu wa rangi ya waridi, hufuata vijimea vya maji ya magadi ya Momella. Ziara hiyo ni nzuri, lakini ni ya mara moja kwa mwaka, ilhali mtoto hukua kila siku.

Mlima huohuo unaopendezesha picha una jambo linalogusa kinywa cha mtoto moja kwa moja. Miamba ya volkano ya Meru ina madini ya floraidi, ambayo huyeyuka katika chemchemi na visima. Kidogo chake hulinda meno, kingi chake huyaharibu. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kisizidiwe ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo kadhaa vya eneo la Meru hupita kiwango hicho kwa mbali, ndiyo maana wenyeji wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo hutengenezwa utotoni, wakati meno ya ukubwani yakiundwa ndani ya ufizi, hadi karibu miaka 8, na kuchemsha maji hakuyaondoi madini hayo. Kwa hiyo chupa ya maji salama kutoka nyumbani ni ya lazima kuliko juisi, na maji ya kijito yanayong'aa yabaki kuwa ya kutupia mawe. Mtoto asiachwe pia kuogelea au kuchezea maji yaliyotuama, kwa kuwa konokono wanaoishi humo waweza kueneza kichocho.

Wakati mzuri wa kutoka ni asubuhi, hasa baada ya ukungu wa Juni na Julai, mlima unapoonekana kabla ya mawingu kuufunika. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, njia za mitaani hugeuka tope, jambo ambalo humkera mama anayefua kuliko mtoto anayechafuka.

Kuhusu nafasi ya mtoto kucheza mjini, sheria haiko kimya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mita hizo, kama zingeheshimiwa kandokando ya mito yote ya jiji, zingetosha kuwa bustani ndefu ipitayo mitaa mingi kutoka mlimani hadi tambarare. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inautaja mchezo miongoni mwa haki za mtoto. Hata hivyo, viwanja vingi ambavyo watoto huchezea chandimu, rede na kombolela havimo katika ramani kama maeneo ya wazi. Ni viwanja vya watu ambavyo havijajengwa bado, na bikoni iliyofukiwa na mpima ardhi pembeni huwa ndiyo nguzo ya goli, mpaka siku lori la tofali litakaposhusha mzigo wake.