KUPAMBA CHUMBA KIDOGO BILA GHARAMA KUBWA

Wazee wa vijiji, walimu, na ninyi nyote wasomaji wa bonde letu, leo napenda kunena habari ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni chumba cha kulala na kukaa. Hapa Katumba Songwe, na Kyela yote mpaka ufuoni mwa Ziwa Nyasa, nyumba nyingi ni ndogo. Kijana aanzapo maisha hupata chumba kimoja au viwili, kila kimoja upana wa hatua nne. Naye hutamani kipendeze, kwa kuwa ndicho wageni wake watakachokiona na ndicho watoto wake watakachokulia. Tamaa hiyo si mbaya. Lakini iko njia yake, na asiyeijua hupoteza mali.

Mimi ni mmoja wa waliopoteza. Nilipopata kazi ya ukarani niliona haya kukaa katika chumba cha matofali matupu. Basi nikauza magunia sita ya mpunga wangu ungali shambani, kwa bei ya chini kama ilivyo kwa kila mwenye haraka, nikanunua kabati kubwa na viti viwili vya magodoro. Kabati nikaliegemeza ukutani, likaziba nusu ya dirisha. Masika yakaja. Nilipolisogeza mwezi wa tano, mgongo wake ulikuwa umeota ukungu, nguo zangu za harusi zilikuwa na madoa meusi, na karatasi za shamba alizoniachia marehemu baba zilikuwa zimeshikamana kama mkate. Bibi yangu akaja kuona msiba huo, akatazama kuta, akaniambia, “Mjukuu wangu, umempamba mgonjwa kabla ya kumtibu.”

Maneno hayo yalinifanya nikumbuke sifa za nyumba za wazee wetu. Mwaka 1879 msafiri Joseph Thomson, mtu wa Scotland, alifika upande huu wa kaskazini wa ziwa, akastaajabia usafi wa vijiji na uzuri wa nyumba. Zilikuwa nyumba za mviringo, kuta zake zimeinamia nje kidogo, na udongo wake umepangwa vizuri kwa mkono. Wala haukuwa urembo mtupu: ukuta ulioinamia nje chini ya paa pana hauachi maji yadondoke miguuni pake. Tena Monica Wilson, aliyekaa pamoja na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwamba wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walianza kujijengea vijumba vyao kando ya wazazi. Maana yake, kujenga na kutengeneza chumba kidogo ilikuwa elimu ya kila mtoto, wala haikudai fedha. Sasa tunajenga kwa matofali ya kuchoma na bati, na kufanya hivyo ni vyema. Lakini ile elimu ya mkono tusiitupe. Nitaieleza kwa utaratibu.

Kwanza, yatibu maji. Bonde letu liko chini, na mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2000. Ukuta hunywa maji kutoka ardhini kama utambi unyonyavyo mafuta. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata msumari, zunguka nyumba yako wakati wa mvua. Ukiona maji yametuama ukutani, chimba mfereji wa kuyaondoa. Ukiona matone ya bati yanarudi ukutani, refusha paa au weka mfereji wa bati. Ukiona udongo umerundikana kuliko sakafu ya ndani, uondoe. Kazi hii ni ya jembe tu. Asiyeifanya, kila pambo analoliweka litaoza.

Pili, paka udongo. Ukuta wa matofali matupu hula mwanga na kuficha wadudu. Chota udongo wa mfinyanzi na mchanga wa mtoni, uuchekeche, utie majani makavu ya mpunga yaliyokatwakatwa. Usikisie kipimo. Fanya majaribio matatu ukutani, kila moja upana wa shubiri: la kwanza kipimo kimoja cha udongo kwa kimoja cha mchanga, la pili kimoja kwa viwili, la tatu kimoja kwa vitatu. Ngoja yakauke kabisa. Lililopasuka lina udongo mwingi. Linalotoka vumbi ukilipangusa lina mchanga mwingi. Lililo zima ndilo lako. Ulowanishe ukuta kwa maji, upake mara ya kwanza, ukwaruze ungali mbichi ili upako wa pili ushike. Upako wa pili uwe mwembamba, bila majani, na ukianza kukauka uusugue kwa jiwe laini la mtoni. Utang'aa bila rangi yoyote.

Tatu, tia weupe. Chumba kidogo huonekana kikubwa kikiwa na mwanga, na hakuna mwanga wa bei nafuu kama chokaa. Mfuko mmoja hutosha chumba na baraza, na bei yake haikaribii hata ya mguu wa kabati. Chokaa inapatikana Mbeya, huko Songwe. Wala msomaji asidhani ni Songwe yetu inayotenga Tanzania na Malawi, maana ile ni nyingine, nayo hutiririka kuelekea Ziwa Rukwa. Nunua iliyokwisha kuzimwa. Iloweke usiku kucha, uichuje kwa kitambaa, iwe nyepesi kama maziwa. Lowanisha ukuta, upake mara tatu, kila mara uache ikauke. Linda macho yako na uwaondoe watoto, kwani chokaa huunguza. Wengine hutia chumvi ili ishike. Katika bonde hili haifai, kwa sababu chumvi huvuta unyevu. Wala usipake rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye unyevu, maana huvimba na kubanduka kama gamba la samaki. Sehemu ya chini, kutoka sakafuni mpaka gotini, ipake udongo mwekundu. Hapo ndipo panapochafuliwa na miguu ya viti na mikono ya watoto, na wekundu huo huficha madoa. Tena jicho la mgeni hupanda juu kwenye weupe, akaona chumba ni kirefu.

Nne, punguza vitu sakafuni. Katika chumba kidogo kila kitu kinachosimama chini hukula nafasi ya mtu. Inua kitanda kwa matofali mawili kila mguu, na masanduku yakae chini yake. Nguo zitundike juu ya vigingi. Vyombo na vitabu viwekwe juu ya rafu za mianzi zilizofungwa juu ya kimo cha mtu. Mianzi hiyo ikatwe wakati wa kiangazi, kisha ilazwe katika maji ya kijito kwa majuma kadhaa ili utamu wake utoke. Ndipo wadudu hawataitoboa. Kila kitu kiache nafasi ya vidole vinne kati yake na ukuta, hewa ipite. Laiti ningalijua hayo mapema, karatasi za baba zingalikuwa salama.

Tano, chagua mapambo machache yenye kazi. Mkeka mzuri hupamba sakafu mchana, na usiku mgeni huulalia. Lakini uanikwe juani kila juma. Chungu cha Wakisi hupendeza kuliko chombo cha plastiki, na maji yake hubaki baridi, kwa kuwa hupenya kidogo kidogo na kukaukia nje. Wanawake wa Ikombe, ng'ambo kidogo ya Matema, huvifinyanga kwa mikono, na katika gulio la Lyulilo utavikuta vimepangwa vya kila namna. Kiweke karibu na dirisha, juu ya kigoda, kisilowanishe sakafu. Kioo kimoja kikitundikwa mkabala wa dirisha ni kama dirisha la pili. Magazeti yasibandikwe ukutani, kwani gundi yake huita mende na mchwa hujificha nyuma yake.

Sita, fungua dirisha. Wengi hulifunga mchana na usiku kwa kuogopa wezi, wakalala ndani ya joto na moshi. Weka nondo au fito ngumu, kisha liache wazi mchana kutwa. Na chandarua usikione ni kitu cha aibu cha kufichwa wageni wajapo. Bonde letu lina malaria mwaka mzima. Kifunge vizuri juu ya kitanda wakati wa mchana, nacho kitakuwa pambo. Usiku kishushe na kukichomeka chini ya godoro. Ukuta mweupe nao una faida hapa, maana mbu aliyetua juu yake huonekana.

Huenda mtu akanena, “Kupaka udongo ni dalili ya umaskini, nitachekwa.” Namjibu, anayechekwa ni yule ambaye mpunga wake umeliwa kabla ya kuvunwa, na viti vyake vya magodoro vimejaa ukungu. Mwenye viti hivyo hana pa kupita ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mwezi wa pili huenda kwa jirani kuazima unga. Si kwamba vitu vya dukani ni vibaya. Atakayevitaka avinunue baada ya mavuno, kwa bei ya haki ya mpunga wake au kakao yake, na baada ya ukuta kukauka. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Nawaomba walimu wawafundishe watoto yale majaribio matatu ya udongo katika ukuta mmoja wa shule, kwani ni somo la hesabu na la mikono pia. Nawaomba wazee wawaite akina bibi wanaojua udongo mweupe na mwekundu unachimbwa wapi, wawaonyeshe vijana kabla elimu hiyo haijazikwa pamoja nao. Bibi yangu alinionyesha mahali pake mwaka ule ule wa hasara yangu. Kabati niliuza nusu ya bei. Kuta tulizipaka pamoja kwa siku nne, yeye akiwa ameketi na kuelekeza, mimi nikiwa na udongo mpaka viwikoni. Masika mengi yamepita tangu hapo, nami kila kiangazi huupaka ukuta upya. Karatasi za baba, zile zilizobanduka salama, zimo katika sanduku chini ya kitanda, nazo ni kavu.