Biashara iko kwenye damu? Jibu analo mlembe

Katika masoko ya mpakani, kuanzia Namanga hadi Busia, kijana anayejua kupatana bei husifiwa kwa maneno yale yale: "Huyu biashara iko kwenye damu." Anayepata hasara mwezi wa kwanza huambiwa hakurithi kitu kwa babu yake. Kauli hizo huamua mengi: nani akabidhiwe duka, na nani arudishwe shambani.

Je, ujuzi hurithiwa kweli kama sura na kimo? Jibu linaweza kupatikana kwa warina asali na ndege anayeitwa mlembe.

Mlembe huwaongoza watu hadi walipo nyuki wa mwituni. Watu huchukua asali, naye hula nta. Mwaka 1989, Hussein Isack wa Kenya na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha utafiti kuhusu Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Katika maeneo wasiyoyafahamu, walitumia wastani wa saa 8.9 kupata nyuki bila ndege huyo, na saa 3.2 wakiongozwa naye.

Mlembe hafunzwi na mamaye. Jike hutaga kwenye kiota cha ndege wa aina nyingine na kwenda zake. Kifaranga hulelewa na ndege wasiojua lolote kuhusu kuongoza watu. Ndiyo maana wataalamu huamini kwamba tabia ya kuongoza amezaliwa nayo.

Lakini urithi huo una mpaka. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa kutetemesha ulimi kisha kuguna. Wahadzabe wa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, humpigia mluzi. Mwaka 2023, watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walitoa matokeo baada ya kujaribu sauti hizo katika nchi zote mbili. Ndege wa Tanzania waliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao. Wale wa Msumbiji waliitikia mlio wa Wayao karibu mara mbili kuliko mluzi.

Ndege ni wa aina moja, ila kila mmoja amejifunza lugha ya wenyeji wake. Warinaji nao hawakuzaliwa na sauti hizo. Wayao husema walifundishwa na baba zao.

Wanaotetea kumbukumbu za damu hutaja panya wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa watoto na wajukuu wa panya waliopigwa shoti ya umeme huku wakinusishwa harufu fulani walishtushwa kwa urahisi na harufu hiyo, ingawa hawakuwahi kukutana nayo. Wanasayansi wanaendelea kubishana kuhusu matokeo hayo. Hata yakikubaliwa, yanahusu hofu ya harufu moja, si ufundi wa kutafuta riziki.

Kwa mfanyabiashara, tofauti hiyo ni ya fedha. Mtoto anaweza kuzaliwa mchangamfu, mwepesi wa hesabu au mwenye kumbukumbu nzuri. Hawezi kuzaliwa akijua noti bandia, mteja wa kupewa mali kauli, au gunia la lumbesa linavyokula faida. Kuna hata mambo ambayo babu mwenyewe hakuyajua, kama cheti cha uasilia kilichorahisishwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000.

Mzazi anayemficha mwanawe daftari la madeni akitumaini damu itamfundisha huenda akamwachia duka lenye bidhaa lakini lisilo na mwenye kuliendesha. Naye kijana aliyeambiwa hana damu ya biashara ana haki ya kuuliza: ni nani aliyekaa naye dukani akamwonyesha?

Pale ambapo warinaji huacha kuwafundisha watoto wao mlio, mlembe anaweza kubaki mtini akiita, na asiwepo wa kumfuata.