Kusahihishana Insha za Kulinganisha na Kutofautisha

Mwanachuo anayesoma insha ya mwenzake hufanya kazi mbili kwa pamoja: humsaidia mwandishi, na wakati huohuo hujizoeza kazi ya ualimu. Maoni kama "vizuri" au "jitahidi" hayatoshi, kwa kuwa hayamwonyeshi mwandishi mahali pa kurekebisha. Katika sehemu hii tunapendekeza maswali matatu ya kumwongoza msomaji. Mifano yetu inatoka katika insha inayolinganisha miji miwili ya Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda: Kasese yenyewe na Bwera.

Swali la kwanza: je, kigezo ni kimoja?

(1) Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, lakini Bwera kuna wafanyabiashara wengi.

Hapa hakuna ulinganishi, kwani kishazi kimoja chahusu usafiri na kingine biashara. Msomaji aulize: "Umetaja usafiri wa Kasese. Wa Bwera ukoje?" Swali hilo laweza kuzaa sentensi hii:

(2) Kasese ilipata reli ya kusafirishia shaba ya Kilembe, ilhali Bwera hutegemea barabara iendayo Mpondwe, mpakani mwa Kongo.

Swali la pili: je, kiunganishi kinafaa? Kwa kawaida "bali" hudai ukanushi katika kishazi kinachoitangulia; "ilhali" hukabilisha hali mbili pasipo sharti hilo. Kwa hiyo sentensi ya (3) ina kasoro, na ya (4) ni sahihi:

(3) Kasese iko mbali na mpaka, bali Bwera iko karibu nao.

(4) Bwera haiko mbali na mpaka, bali iko karibu nao.

Msomaji apige mstari chini ya "bali", ataje kanuni, kisha amwachie mwandishi kurekebisha mwenyewe.

Swali la tatu: je, ni kosa, au ni Kiswahili cha mahali pengine?

(5) Kasese ni kubwa kupita Bwera.

Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, "kupita" hutumika kulinganisha, na mkazi wa mpakani huenda amekizoea. Tusiandike, "Hiki si Kiswahili." Tuandike: "Nimekuelewa. Katika insha sanifu tumia 'kuliko'." Maoni ya namna hii husahihisha bila kudharau. Mwanafunzi azungumzaye Kikonzo nyumbani na kuokota Kiswahili chake sokoni akichekwa leo, kesho hataandika tena kwa moyo mkunjufu.

Zoezi

Badilishaneni insha wawili wawili. Kila mmoja aandike maoni matatu, moja kwa kila swali, akinukuu sentensi anayoizungumzia. Kisha mwandishi aeleze ni maoni yapi yamemsaidia kuandika upya, na kwa nini.